Swali Moja Nililoiachia Mashini

Vijana wa chumba cha kompyuta, mliniomba nije siku moja niwaeleze kazi niliyokuwa nikifanya. Sikuja, kwa sababu nikisimama mbele ya watu ulimi unakauka na ninaanza kuomba radhi kwa mambo ambayo hayajatokea. Nimeamua kuandika. Nimeandika, nimefuta, nimeandika tena, na hata hii mnayoisoma naiachia shingo upande.

Msiulize ni mstaafu gani huyu asiye na mvi. Mimi sikuzeeka, kazi yangu ndiyo iliyozeeka. Nilikuwa nikiweka mifumo kwenye kompyuta kuukuu, kwanza kwa mkono, baadaye kwa faili lililofanya kila kitu bila mimi. Faili lilipokamilika, mwenye duka nililofanyia kazi aliitazama mashini ikijiwekea mfumo yenyewe, akanitazama mimi niliyekaa kando na kikombe cha chai, na nikaona wazo likipita usoni mwake. Sikumlaumu. Nilikuwa nimeifanya kazi vizuri mno. Leo nashona sare za shule hapa kambini Dzaleka, na cherehani haijawahi kuniuliza swali.

Kwa sababu kazi yangu yote ilikuwa maswali. Nyinyi mnakuta kompyuta zimeshawekwa, hamjui. Ukiweka mfumo kwa mkono, programu inakuhoji kama uko mlangoni kwa watu. Lugha gani? Uko nchi gani? Kibodi ya namna gani? Jina lako nani? Neno la siri? Halafu linakuja lile swali lililokuwa likinilowesha viganja kila mara, hata baada ya miaka: diski igawanywe vipi?

Diski ni kama nyumba zetu hizi za tofali mbichi, chumba kimoja kirefu. Mtu hawezi kulala, kupika na kupokea wageni palepale, kwa hiyo anafunga pazia. Upande huu mfumo wenyewe unakaa, upande ule mafaili ya mwenye kompyuta, na katikati kunaachwa kichumba kidogo ambamo mfumo unaweka mizigo kumbukumbu ikijaa. Faida ya pazia ni hii: mfumo ukiharibika, unasafisha upande wake tu, mafaili ya mtu hayaguswi. Hatari yake ni kwamba ukifunga pazia upya mahali pasipo, vyombo vya watu vinabaki upande ambao hakuna anayejua tena kuingia. Mpaka uandike hilo jibu, hakuna kilichoharibika. Ukishaliandika, kila kitu kinawezekana.

Nitawaeleza jinsi jibu la namna hiyo lilivyokaribia kuwapokonya kwaya moja hapa kambini sauti ya mtu ambaye hawezi kuja kuimba tena. Lakini kwanza mjue nilivyojifunza, ili muelewe kwamba sikuwa mzembe. Nilikuwa kinyume cha mzembe, na hilo ndilo lililokuwa tatizo.

Sikusomea. Baba alikuwa mwalimu wa hesabu Bukavu, na tulipofika Malawi nilikuwa na Kifaransa cha shule, Kiswahili cha nyumbani, na tabia ya kurudi kuhakikisha kama nimefunga kufuli, ingawa nyumba yetu haikuwa na kufuli. Fundi aliyenipokea aliitwa Bwana Phiri. Alikuwa na meza ndani ya duka la kompyuta kuukuu huko Old Town, Lilongwe, pembeni mwa muuza vitambaa wa jumla, na alihitaji mtu wa kupangusa vumbi kwenye mashini. Nilipangusa vumbi kwa namna ambayo alinihurumia akanipa bisibisi.

Bwana Phiri aliongea nami Kichewa na Kiingereza, hapa namweka kwa Kiswahili. Yeye alikuwa anaweka mfumo kwa mkono mmoja, mwingine uko kwenye nsima, ugali wa huko. Hasomi kitu. Anabonyeza kitufe cha kukubali, anabonyeza tena, anameza, anabonyeza. Mimi nilikuwa nasoma kila sentensi mpaka mwisho, halafu naisoma tena, nisije nikawa nimeruka neno.

"Achemwali," aliniambia, na huko ndiko kumwita mtu dada, "maswali haya ni yaleyale tangu nianze kazi. Wewe unayasoma kama barua ya mchumba."

"Na kama leo wamebadilisha?"

"Wakibadilisha nitaona moshi."

Siku moja, kwenye duka la intaneti la City Centre, nilikuta kurasa zinazoeleza kwamba mfumo wa Linux unaweza kuwekwa bila mtu. Unaandika faili la majibu. Programu ikifika kwenye swali, badala ya kukuuliza wewe inafungua faili, inasoma jibu, inaendelea. Nilichapa zile kurasa, nikazisoma na kamusi ya Kiingereza na Kifaransa mapajani. Kwa mtu wa moyo wangu sijui kama kuna habari njema kuliko hiyo: kwamba maswali yote yanajulikana kabla, na unaweza kukaa peke yako, bila mtu anayekusubiri, ukayajibu yote kwa utulivu.

Utulivu wenyewe haukuja. Kwenye faili langu la kwanza niliandika ukubwa wa chumba cha mfumo: 20.000, kwa maana ya megabaiti elfu ishirini. Baba alinifundisha hivyo, na shule nzima ya Kifaransa inaandika hivyo, nukta inatenga maelfu. Mashini ni ya Waingereza. Kwao nukta hiyo ni ya desimali, elfu wanazitenga kwa mkato. Ikasoma ishirini, nukta, sifuri sifuri sifuri, ikajenga chumba cha megabaiti ishirini kwa uangalifu mkubwa, ikajaribu kuuingiza mfumo wote humo, ikashindwa.

Bwana Phiri aliinama akatazama. "Hiki chumba ni cha nani? Cha panya?"

Nilimweleza habari ya nukta. Akafikiri.

"Kwa hiyo nyinyi mkiandika elfu moja, sisi tunaona moja."

"Ndiyo."

"Pepani," akasema, yaani pole, na alionekana kutuhurumia Wakongo wote. "Usiandike nukta. Usiandike mkato. Andika tarakimu zishikane mikono."

Chukueni hilo, ni ushauri mzuri mpaka leo. Chukueni na hili: usiandike kwenye faili "gawa diski ya kwanza." Niliandika hivyo. Nikachomeka flash yenye faili langu na programu yote, nikawasha, na mashini ikahesabu diski ilizoziona, ikaona flash ndiyo ya kwanza, ikaigawa flash. Ilijifuta yenyewe katikati ya sentensi. Bwana Phiri alisema imetii. Tangu hapo faili langu lilikuwa linatazama kwanza kama diski ni ya kuchomoa au ya ndani, na kama ina ukubwa wa kueleweka, ndipo linagusa.

Na la tatu, ambalo ndilo moyo wa kazi: usiandike vipimo, andika kanuni. Kompyuta kuukuu hazilingani, hii diski yake kubwa, hii ndogo. Ukiandika kipimo kimoja, faili linafaa mashini moja. Kwa hiyo kila chumba unakipa kiasi cha chini ambacho bila hicho hakiishi, na kiasi cha juu ambacho zaidi ya hicho ni ulafi, halafu unasema kinachobaki chote yapewe mafaili ya mtu. Basi. Mashini inapima yenyewe. Nilipofanikiwa hapo nilikaa nikitazama mashini tatu zikijigawa kwa pamoja, kila moja kwa kadiri yake, na nilijisikia kama mtu aliyewekewa mkono begani. Bwana Phiri naye alifurahi, kwa sababu sasa mikono yote miwili ilikuwa huru kwa nsima.

Tatizo likabaki mimi. Faili lilikuwa halimwulizi mtu kitu, na mimi sikuweza kuvumilia. Dukani haikuwa na shida, diski zilikuwa tupu. Lakini nilijua siku moja litapelekwa mahali penye kazi za watu. Nikaamua kuweka swali. Swali moja tu, kabla ya kugawa: mtu anataka mafaili yake yahifadhiwe, au diski ifutwe yote?

"Ukiweka swali, si ya bila mtu tena," alisema Bwana Phiri. "Ni ya mtu mmoja anayengojea swali moja."

"Ni kwa usalama."

"Usalama ni kuhamisha mafaili kabla hujawasha. Swali si usalama. Swali ni wewe kutaka usilaumiwe."

Nilikasirika siku mbili kwa sababu ilikuwa kweli, halafu nikaliweka swali.

Nililiandika kwa Kiswahili chetu, cha Kivu, ili mama yeyote hapa kambini aelewe. Na nililiandika kwa heshima. Mnajua sisi mgeni hatumwulizi unataka chai, inakuwa kama unampima. Tunamwuliza hautaki chai? Hautakula kidogo? Ndivyo nilivyoandika: *Hautaki kuchunga mafaili yako?* Kuchunga kwetu ni kuhifadhi. Chini yake: N kwa ndiyo, H kwa hapana. Na ndani ya faili, ambako ni Kiingereza kitupu, nikaandika kwamba jibu likiwa ndiyo, mafaili yahifadhiwe, likiwa hapana, diski ifutwe yote na igawanywe upya.

Nilijaribu. Nilijaribu mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri kwenye maandishi. Nilitaka kuhifadhi, nikabonyeza N, yakahifadhiwa. Nilitaka kufuta, nikabonyeza H, yakafutwa. Haikukosea hata mara moja. Kama mmeshaona kosa, mna akili kuliko mimi wa wakati ule. Kama hamjaliona, vizuri, siko peke yangu.

Chumba cha kompyuta cha hapa wakati ule kilikuwa na mashini chache zilizojaa virusi vya flash. Bwana Phiri na mimi tulikuwa tumeziwekea mfumo kwa mkono zamani kidogo, kila moja na pazia lake. Wasimamizi wakaniomba nizisafishe. Kila mashini ilikuwa na watu wake. Ya mlangoni ilikuwa ya Espoir, kijana aliyeitumia kwa michezo ya karata, majeu kama alivyoiita, akisema anajifunza. Ya kwenye kona ilikuwa ya kwaya.

Mwalimu wa kwaya aliitwa Papa Wilondja, mtu wa Fizi, muuza samaki wakavu sokoni, mrefu, mwenye kuongea kidogo. Kwaya yake ilikuwa imerekodi nyimbo humo, kwenye hiyo mashini, kwa kipaza sauti kimoja, milango imefungwa na mbuzi wa jirani wamefukuzwa. Aliyeongoza nyimbo zote alikuwa Mama Riziki. Muda mfupi baada ya kurekodi, Mama Riziki na watoto wake walipata safari, wakapelekwa nchi ya baridi kuishi huko. Mnajua inavyokuwa. Jumapili mtu yuko mstari wa mbele, Jumapili inayofuata watu wanasogea kidogo kuziba nafasi. Kwaya ilipata mwongozaji mwingine, binti mzuri tu. Lakini Papa Wilondja alikuwa akija kila alipofunga meza yake sokoni, anakaa kwenye kona, anasikiliza Mama Riziki, anaondoka.

Nilimwuliza kama amenakili nyimbo mahali. Akanionyesha flash. "Iko humu." Nikaifungua mwenyewe siku ileile, na nikaona alama zenye majina ya nyimbo. Sikubonyeza hata moja. Mimi, ninayerudi kuhakikisha kufuli. Zilikuwa njia za mkato tu, zile ambazo virusi vinaziweka badala ya faili. Alikuwa amenakili kibao cha mlango akaiacha nyumba.

Basi nikachomeka flash zangu zenye faili, nikawasha, nikawaambia kila mtu ajibu swali kwenye mashini yake, maana nani anajua mafaili yake kuliko mwenyewe. Nilijivunia hilo. Nikasimama katikati ya chumba mikono nyuma.

Mashini ya mlangoni ilimaliza kwanza.

"Ya Ansima!" Espoir aliita. Ya ni dada mkubwa kwetu, na Ansima ni mimi. "Kuja uone. Majeu yangu yote iko!"

"Haiwezekani. Uliniambia hauna kitu ya kuchunga."

"Njo nilisema." Njo kwetu ni ndivyo, au ndiye.

"Ulifinya nini?"

"N."

"N ni ndiyo."

"Ee, ndiyo. Iliniuliza: hautaki kuchunga? Mi nikasema ndiyo."

"Sasa kama ulisema ndiyo, ulitaka kuchunga."

"Hapana! Ndiyo, sitaki."

"Ndiyo, unataka."

"Ndiyo, *sitaki!* Ya Ansima, we unasikiaka Kiswahili?"

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa bado nataka kumfundisha. Nilifungua mdomo nimweleze kwamba ndiyo maana yake ni ndiyo, na kabla sijasema nikasikia swali langu kwa sikio lake. Hautaki chai? Ndiyo, yaani umesema kweli, sitaki. Hautaki chai? Hapana, yaani si hivyo, nitakunywa. Ndivyo anavyojibu mama yangu. Ndivyo nilivyojibu mimi maisha yangu yote, isipokuwa nilipokaa mbele ya lile faili na kichwa changu kikahamia kwenye Kiingereza bila kuniaga.

Kwa hiyo mtu asiye na kitu angebonyeza N, na takataka zake zingehifadhiwa kwa uaminifu. Na mtu mwenye kitu cha thamani…

"Papa Wilondja," nikasema, "wewe ulijibu nini?"

Alikuwa amekaa wima kwenye kona, mikono magotini. "Ile mashini iliniuliza bupumbafu. Ati hautaki kuchunga. Nikaikatalia. Hapana! Nilifinya H na nguvu."

Kwenye kioo chake, chini, yalikuwa maneno ambayo niliyaandika mwenyewe nikiyaonea fahari: *Diski inagawanywa. Tafadhali subiri.*

Siku zote nimewafundisha watu wasing'oe waya kompyuta ikiwa inafanya kazi. Niliung'oa. Niliung'oa kwa nguvu hata kiti kikaanguka.

"Binti," alisema Papa Wilondja, "umefanya nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, na nukta ya baba yangu pia, ambayo haikuhusika, kwa sababu nikianza kukiri sijui pa kuishia. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza kitu kimoja.

"Mama Riziki hayupo tena humo?"

Sikuweza kujibu ndiyo wala hapana. Nilisema, "Sijue, Papa. Kweli sijue."

Sasa tulieni niwafundishe kitu ambacho huenda mkakihitaji. Mpangilio wa vyumba vya diski si vyumba vyenyewe. Ni maandishi mafupi mwanzoni kabisa mwa diski yanayosema chumba hiki kinaanzia hapa, kinaishia pale. Ukiyafuta, mashini inasema diski ni tupu, lakini vyombo vya watu viko palepale vilipokuwa, gizani. Kinachoviharibu ni hatua inayofuata, chumba kinapoandaliwa upya na vitu vipya kuwekwa juu. Faili langu lilikuwa linaandaa chumba cha mfumo kwanza, kisha cha mafaili. Kama niling'oa waya wakati bado liko chumba cha kwanza, nyimbo zingalipo, na hakuna anayejua mlango. Kama lilikuwa limefika cha pili, basi. Na hakuna njia ya kujua kwa kuangalia kwa nje. Kwa hiyo likiwatokea, msiiwashe tena ile mashini. Kila inapowashwa inaweza kuandika kitu. Toeni diski, mpeleke kwa mtu ambaye mikono haimtetemeki.

Niliichomoa. Papa Wilondja akatoa leso yake mwenyewe, akaifunga diski, na tukapanda minibus ya kwenda Lilongwe, yeye akiwa ameiweka mapajani. Hakuniongelesha njiani. Nilitamani anitukane.

Bwana Phiri alitusikiliza akiwa amesimama. Nilipofika kwenye swali, nikamtafsiria Kichewa nilichonacho: hutaki kuhifadhi mafaili?

"Ayi," alijibu palepale, yaani hapana. "Kwa nini nipoteze mafaili yangu?" Akatazama dari. "Aa. Hata mimi ningejifuta."

Mimi tu na mashini ndio tuliokuwa tumeelewana.

Aliiunganisha diski kwenye kompyuta yake kama ya pili, akaweka programu inayosoma diski kutoka kichwani hadi mkiani ikitafuta alama za mahali vyumba vilipoanzia zamani. Inakwenda polepole sana. Duka lilikuwa na joto na wateja. Mwenye duka alimletea Papa Wilondja kiti, kisha soda, kwa sababu aliona mtu mzima amefumba macho akadhani ni mgonjwa. Alikuwa anaomba.

"Mwambie anaweza kwenda kula," alisema Bwana Phiri.

Nikamwambia.

"Mi siende fasi," alisema Papa Wilondja.

"Anasema haendi mahali."

"Nimeelewa. Hiyo haihitaji lugha."

Nilikaa kati yao na kuanza kueleza ni jinsi gani nitaliandika faili upya, na kwamba nitaweka maswali mawili, la pili la kuhakikisha la kwanza. Bwana Phiri aliinua mkono.

"Iwe," alisema, na mtu akikuita hivyo huko ujue mzaha umekwisha. "Usiulize ndiyo na hapana. Mwambie mtu aandike neno. Akitaka kufuta, aandike *futa*. Akitaka kuchunga, aandike *chunga*. Asipoandika kitu, usiguse kitu. Na kabla ya yote hayo, fungua flash ya mzee usikilize wimbo mmoja mpaka mwisho."

Hivyo ndivyo faili lilivyokuwa baadaye, na ndivyo lilivyobaki mpaka liliponiondoa kazini. Mkilikuta mahali, msiliongezee adabu.

Programu ilionyesha mstari. Chumba, aina fulani, kinaanzia hapa, kinaishia pale. Mmoja tu. Ulikuwa wa chumba cha mfumo mpya, nilichokianzisha mwenyewe asubuhi ile. Papa Wilondja alinitazama usoni, na mimi nikatazama kioo, kwa kuwa sikuwa na uso wa kumwonyesha. Mstari wa kazi ukaendelea kutambaa. Ukapita nusu ya diski. Hakuna kitu. Nikaanza kupanga maneno ya Kiswahili ya kumwambia, na kila neno nililolishika niliona halifai, nikaliweka chini.

Kisha mstari wa pili ukatokea: chumba cha zamani cha mafaili.

Bwana Phiri alisogeza kiti chake karibu. Programu ikauliza kama iurudishe mpangilio ulioonekana. Ndiyo, hapana. Mkono wangu ulikuwa juu ya kibodi na haukutaka kushuka.

"Soma swali," alisema.

Nikalisoma.

"Lina *si* ndani yake? Lina *ha-*?"

"Halina."

"Basi jibu."

Nikajibu. Diski ilikoroma kidogo. Folda ikafunguka, na majina ya nyimbo yalikuwa humo, yakiwa na uzito wake kamili. Safari hii sikuyaamini majina. Nilibonyeza la kwanza, nikaongeza sauti ya spika ya duka mpaka mwisho, na watu waliokuwa wakipatana bei ya vichapishi wakageuka.

Kwanza ukasikika mvumo wa chumba kitupu. Kiti kikaburutwa. Mtu akakohoa, mbali mbuzi mmoja ambaye hakufukuzwa vya kutosha akalia, na Mama Riziki akaanza.

Wimbo ulifika mwisho wa ubeti wa kwanza, na Mama Riziki akaingia wa pili mapema, kabla ya wenzake, peke yake, akasita, wakamfikia. Papa Wilondja akashika leso iliyokuwa imefunga diski na kujifuta uso.

"Aliingia mbele," akasema. "Njo yeye."

Mimi nilikuwa nimeshaisikia ile nafasi. Ilikuwa ndogo, robo ya pumzi, na kwenye kompyuta ya Bwana Phiri kulikuwa na programu ya kukata sauti. Ingekuwa kazi rahisi. Nilikuwa nataka kumpa kitu kizuri kuliko nilichokaribia kumwangamizia. Mkono wangu ulikuwa umeshashika kipanya, kwetu souris.

"Papa, ile fasi alikosea naweza kuitengeneza. Hautaki?"

Aligeuka akanitazama usoni.

"Ndiyo," alisema. "Sitaki. Toa mukono kwa ile souris."